Usiniletee faili la MTS peke yake

Wateja wengi hapa Mtwara, hasa wenye video za harusi na unyago, hunijia na flashi yenye mafaili mawili matatu ya MTS, yaani video za kamkoda, na ombi lilelile: "Fundi, nigeuzie iwe MP4, maana nikianza kuhariri laptopu inaganda." Mimi huuliza kwanza: kadi yenyewe iko wapi?

Kamkoda za AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hazihifadhi video kama simu. Fungua kadi utakuta folda ya PRIVATE, ndani yake AVCHD, kisha BDMV, na humo STREAM, yanakokaa mafaili ya MTS. Kadi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, mpango wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo kamera hukata rekodi ndefu vipandevipande; nyingine hukata kila GB 2. Ngoma ya sindimba ya dakika 40 inaweza kutoka vipande viwili hata vinne. Maelezo ya namna vinavyoungana yamo kwenye folda za jirani, PLAYLIST na CLIPINF. Ukichomoa MTS tupu ukazipanga mwenyewe, ngoma inaweza kuruka kwenye kiungo: mkono wa mpigaji uko juu, mara umeshatua, na mlio wa katikati hausikiki.

Basi nakili kadi nzima. Kama folda zimeshapotea na una uhakika vipande ni vya rekodi moja, jaribu amri hii ya Windows:

copy /b 00003.MTS+00004.MTS ngoma.MTS

Sasa hilo la kuganda. Ndani ya MTS mna H.264, mbinu ya kubana video, ambayo huhifadhi fremu (picha moja moja za video) nzima chache tu. Nyingine zimeandikwa mabadiliko peke yake. Ukikata katikati, kompyuta inalazimika kurudi nyuma na kuzikokotoa upya. Kugeuza MTS kuwa MP4 bila kugusa kilichomo ni kuhamisha korosho gunia hadi gunia, bado hazijabanguliwa. Kinachosaidia ni ProRes au DNxHD, miundo ya video ya kuhariria, ambayo kila fremu inajitegemea. Mimi natumia Shutter Encoder, programu ya bure ya kugeuza video. HandBrake, programu nyingine ya namna hiyo, ni nzuri kwa video iliyokwisha ya kurushwa WhatsApp, lakini kwa kazi hii inabana tena kilichokwisha kubanwa.

Jiandae kwa ukubwa. Saa moja ya AVCHD ya megabiti 24 kwa sekunde ni kama GB 11. Ikigeuzwa ProRes 422 inafika GB 55 hivi kwa fremu 25 kwa sekunde, na kama mara mbili yake kwa fremu 50. Ubora hauongezeki hata chembe, unachonunua ni wepesi wa kuhariri. Sauti nayo igeuze iwe PCM, yaani isiyobanwa, papo hapo, kwani ya AVCHD mara nyingi ni AC-3, iliyobanwa, na baadhi ya programu hufungua picha ikiwa bubu.

Kamera nyingi za zamani huku kwetu zimewekwa 1080i50: mistari ya witiri na ya shufwa hupigwa kwa zamu, mara 50 kwa sekunde. Miguu ya wachezaji ikienda kasi utaona meno ya chanuo pembeni mwake. Ondoa meno hayo wakati wa kugeuza, na uchague kutoa fremu 50, si 25, la sivyo mchezo unapoteza ulaini wake. Wengi hupuuza hapa, halafu wanailaumu kamera.

Kazi ikiisha na diski imejaa, futa ProRes bila huruma. PRIVATE usiiguse.