Nyonga ya chuma ya Andy Murray, tuiongelee kifizio

Wanaofuatilia tenisi huku kwetu sio wengi, najua, ila kila Wimbledon ikikaribia lazima kuna mtu pale kliniki ataniuliza habari za yule Muingereza aliyewekewa chuma kwenye nyonga akarudi kucheza, ilikuwaje mpaka akarudi wakati mzee wa huyo anayeuliza kabadilishwa nyonga na daktari kamkataza hata kukimbia. Jibu lake ni refu kidogo ndo maana nimeamua nikae niliandike. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba, sio daktari wa upasuaji, mambo ya kukata na kushona nitayapitia juu juu, ila kinachotokea mwilini kabla ya kisu na baada ya kisu hiyo ndo kazi yangu ya kila siku. Na kabla hatujaanza, Murray ni Mskoti, mtu wa Scotland ambayo nayo ni sehemu ya dola la Uingereza, kakulia Dunblane, ukimwita Muingereza mbele ya Mskoti mwenzie jiandae kusahihishwa.

Kwa wasiomjua haraka haraka: 2012 kachukua US Open na dhahabu ya Olimpiki London, 2013 kachukua Wimbledon ambayo hakuna mwanaume wa Uingereza aliyeigusa upande wa mmoja mmoja tangu Fred Perry 1936, yaani miaka 77. Halafu 2016 ndo ikawa balaa, Wimbledon tena, dhahabu tena kule Rio, Novemba akawa namba moja duniani na akafunga mwaka kwa kumpiga mpinzani wake Novak Djokovic kwenye fainali za ATP (ligi ya wanaume wa kulipwa) London. Mwaka ule alicheza mechi 87 za mmoja mmoja akashinda 78. Mechi themanini na saba bana! Miezi ya mwisho alikuwa anaifukuza ile namba moja, akashinda mashindano matano mfululizo, Beijing, Shanghai, Vienna, Paris halafu London, bila kupumzika cha maana. Mimi naamini pale ndo bili ilianza kuandikwa, ingawa nyonga yenyewe alishasema ilikuwa inamsumbua muda mrefu kabla na alikuwa anaenda nayo hivyohivyo.

Sasa tuingie kwenye nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, kinakaa ndani ya kikombe kwenye mfupa wa nyonga, na vyote viwili vimefunikwa na gegedu, ile tabaka nyeupe laini inayoteleza unayoikuta kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Pembeni ya kikombe kuna ukingo unaoitwa labramu ambao unakikumbatia kichwa kisichezecheze na unabakiza yale majimaji ya kulainisha ndani. Shida kubwa ya gegedu ni kwamba haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikilika haioti upya kama ngozi inavyofanya. Labramu ikichanika kichwa kinaanza kukaa vibaya, kikikaa vibaya gegedu inalika upande mmoja, ikilika mfupa unaanza kugusa mfupa, na mfupa una neva za kutosha kukunyima usingizi.

Halafu kitu ambacho wagonjwa wangu wengi wanakosea, ukimwambia mtu nyonga anagusa pembeni pale kwenye mkanda au makalioni. Maumivu ya kiungo chenyewe mara nyingi yanakaa kinenani, mbele, na yanakuja ukikunja paja huku umelizungusha kwa ndani, kuvaa soksi, kufunga kamba za viatu, kuingia kwenye gari dogo, kushuka kwenye bajaji. Mtu anakuja analalamika goti, unapima goti liko safi kabisa, kumbe ni nyonga inatuma maumivu chini.

Tenisi ni mchezo mbaya sana kwa kiungo hiki na watu hawalioni hilo kwa sababu wanaangalia mkono. Murray anatumia mkono wa kulia, akikimbilia fohendi, ule mpira wa upande wa mkono wake wa kulia, anapanda mguu wa kulia, uzito wote unashuka pale, kisha kiwiliwili kinazunguka juu ya nyonga hiyohiyo, halafu anasukuma arudi katikati. Nyonga iliyoumia ni ya kulia, sio bahati mbaya. Na staili yake ndo iliongeza chumvi kwenye kidonda, maana hakuwa mtu wa kumaliza pointi kwa sevu, ule mpigo wa kuanzia, kama wengine, yeye alikuwa anarudisha kila kitu, anakimbia, anasimama ghafla, anageuka, mpaka mwenzie achoke akosee. Ni staili nzuri sana kuitazama ila mwili unalipia kila kusimama na kila kugeuka.

Siku ambayo mambo yaliharibika kabisa inajulikana, Juni 2017, nusu fainali ya French Open na Stan Wawrinka, seti tano, zaidi ya masaa manne na nusu kwenye uwanja wa udongo, Murray alikuwa anaongoza seti mbili kwa moja akapoteza na seti ya mwisho akapigwa 6-1. Akaenda Wimbledon akiwa anachechemea, robo fainali na Sam Querrey akapoteza seti mbili za mwisho 6-1 na 6-1, ukiangalia ile mechi leo ukiwa fizio unataka kuingia uwanjani umshike mkono umtoe. Hapo bado ni namba moja duniani!

Baada ya hapo alifanya kile ambacho na mimi ningemshauri, akapumzika, akafanya mazoezi tiba miezi kadhaa bila kukimbilia kisu. Haikutosha. Januari 2018 akafanyiwa upasuaji Melbourne, ule wa athroskopi, wanatoboa matundu madogo wanaingiza kamera na vifaa vyembamba, wanarekebisha na kusafisha kilichochanika. Kwa nyonga ambayo gegedu yake bado nzima upasuaji huu unaweza kufanya maajabu. Kwa nyonga ambayo gegedu imeshaenda unanunua muda tu. Akarudi uwanjani Juni, na Agosti kule Washington kuna ile mechi aliyomaliza saa tisa usiku kupita kidogo na Marius Copil, akashinda, akakaa kwenye kiti akalia kwenye taulo kwikwi inasikika. Watu waliandika ni furaha. Mimi niliona mtu anayejua kesho asubuhi atashukaje kitandani.

Januari 2019, Melbourne tena, safari hii kwenye Australian Open, akaingia kwenye mkutano na waandishi akashindwa kuongea, akatoka, akarudi, akasema maumivu yamezidi na kwamba hata kuvaa viatu na soksi ni kazi. Alitaka afike Wimbledon aage pale ila hakuwa na uhakika hata na hilo. Akacheza na Roberto Bautista Agut, akawa nyuma seti mbili, akarudisha zote mbili, akapoteza ya tano, na waandaaji wakaweka video ya wachezaji wenzie wakimuaga kama vile ndo imeisha. Wiki mbili baadaye, tarehe 28 Januari, yuko mezani London anawekewa chuma, na picha ya eksirei akaiposti mwenyewe.

Chuma gani sasa, hapa ndo wengi wanachanganya. Ukibadilishwa nyonga nzima, ile ya kawaida, daktari anakata kichwa cha mfupa wa paja pamoja na sehemu ya shingo, anatupa, anaingiza nondo ndani ya mfupa wa paja yenye kichwa bandia juu, na upande wa pili anaweka kikombe kipya. Alichofanyiwa Murray ni tofauti, kichwa chake hakikukatwa, kilichongwa tu kikavikwa kofia ya chuma, na kikombe nacho kikawekewa chuma. Kobalti na kromiamu inasugua kobalti na kromiamu. Mfupa wake mwingi unabaki, kichwa kinabaki kikubwa karibu na saizi ya asili kwa hiyo ni vigumu kuchomoka, na siku ikichakaa bado kuna mfupa wa kutosha kufanya ile operesheni kubwa.

Kwa nini basi tusiwafanyie wote? Kwanza chuma kwa chuma kinatoa chembechembe zinazoingia kwenye damu na nyama za jirani, na kwa baadhi ya watu zinaleta shida kubwa, kuna aina moja ya nyonga hizi iliondolewa sokoni dunia nzima mwaka 2010 kwa sababu hiyo. Wanaofanya vizuri zaidi ni wanaume, vijana kiasi, wenye mifupa mikubwa, wanawake na wenye vichwa vidogo matokeo yao hayajawa mazuri. Pili, na hili ndo linatuhusu sisi, kofia inahitaji kichwa kilicho hai chini yake. Huku kwetu kijana wa miaka ishirini na kitu akija na nyonga iliyokufa mara nyingi nawaza seli mundu, ajali ya bodaboda, au mtu aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu, na kwenye kesi hizo mara nyingi damu imekatika, kichwa cha mfupa kimekufa kimebonyea. Huwezi kuvika kofia kwenye mfupa uliokufa. Huyo anahitaji kubadilishwa yote, na pale MOI Muhimbili, taasisi ya mifupa Dar es Salaam, wanabadilisha nyonga, sio lazima India kama watu wanavyodhani. Kwa hiyo mzee wako na Murray hawana operesheni moja, na ushauri wa daktari wake wa kutembea, kuogelea, kupiga baiskeli na kuachana na kukimbia uko sahihi kabisa, mfuate.

Aliyempa Murray moyo alikuwa Bob Bryan, yule pacha Mmarekani wa mechi za wawili wawili, alifanyiwa hivihivi Agosti 2018 na Januari 2019 akawa tayari yuko uwanjani Australia. Lakini wawili wawili unalinda nusu ya uwanja na pointi ni fupi. Mmoja mmoja kwa kiwango kile ilikuwa njia ambayo haijapitwa. Na jambo ninalolipenda kwenye kesi hii nzima ni kwamba Murray alivyoelezea uamuzi wake alisema anataka maisha yasiyo na maumivu kwanza, acheze na watoto wake, tenisi ikirudi sawa isiporudi sawa. Mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji na hesabu hiyo mimi naweza kufanya naye kazi. Anayeingia akiwa ameshapanga tarehe ya mechi ataruka hatua, na nyonga inayorukiwa hatua inakurudisha kwenye meza ya upasuaji.

Kazi yenyewe baada ya kisu haina raha kuiangalia. Magongo kwanza, halafu kujifunza kutembea bila kuyumba, maana ukiumwa muda mrefu misuli ya makalio inazima, hasa ile ya pembeni inayoshikilia kiuno kisidondoke ukisimama mguu mmoja, na haiamki kwa sababu tu maumivu yameisha. Unalala ubavu unainua mguu, unasimama mguu mmoja mbele ya kioo, unapanda ngazi moja unashuka polepole, wiki nzima hivyo, wiki nyingine hivyo na uzito kidogo. Mabingwa wanachoka na mazoezi haya kuliko watu wa kawaida, wamezoea jasho, wanaona kama wanachezewa. Kuruka na kugeuka ghafla kunakuja mwisho kabisa.

Juni 2019, hata miezi mitano haijafika, akashinda kombe la wawili wawili kwenye mashindano ya Queen's, London, akicheza na Feliciano López. Wimbledon akacheza mchanganyiko, mwanaume na mwanamke upande mmoja, na Serena Williams, uwanja ulijaa. Oktoba, Antwerp, fainali ya mmoja mmoja, na nani? Wawrinka yuleyule wa Paris. Akapoteza seti ya kwanza, akashinda mbili, 3-6 6-4 6-4, akiwa namba 243 duniani. Akalia tena, na safari hii na mimi huku nilikuwa sijiwezi.

Ila tuwe wakweli, wanaosema alirudi kama zamani hawakuangalia. Antwerp ndo lilikuwa kombe lake la mwisho la ATP la mmoja mmoja. Kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa zaidi, hakuwahi tena kuvuka raundi ya tatu. Aliyerudi ni mtu anayeweza kucheza masaa, Januari 2023 pale Melbourne alimtoa Berrettini kwa seti tano halafu akamtoa Thanasi Kokkinakis kutoka nyuma seti mbili, masaa 5 na dakika 45, mechi ikaisha saa kumi alfajiri akiwa na miaka 35. Kiungo kilibeba. Kilichokuwa hakipo ni ile hatua ya kwanza, ule mlipuko wa kufika kwenye mpira nusu sekunde mapema, na bila hatua hiyo ile staili yake ya kurudisha kila kitu inageuka mateso, ndo maana akishinda mechi moja ya masaa matano raundi inayofuata anakuwa hana kitu.

Machi 2024 Miami akategua kifundo cha mguu, ligamenti zikachanika. Juni mgongo, akafanyiwa upasuaji kuondoa uvimbe uliokuwa unabana neva, akakosa kuaga Wimbledon kwa mechi ya mmoja mmoja, akacheza na kaka yake Jamie tu. Akamalizia Olimpiki ya Paris, wawili wawili na Dan Evans, tarehe 1 Agosti 2024 wakatolewa na Taylor Fritz na Tommy Paul, akiwa na miaka 37. Nyonga ya chuma siku hiyo ilikuwa bado iko kazini. Baadaye akaenda kumfundisha Djokovic kuanzia Australian Open ya 2025, wakaachana Mei, na gofu anapiga kila akipata nafasi.