Sindano haikati kona: njia ya kuchukua kinyama hupangwaje?

Mgonjwa akiiona sindano ya kuchukulia kinyama kabla hatujaiweka vizuri mezani, huuliza swali lilelile: "Daktari, yote hiyo inaingia?" Mara nyingi jibu ni hapana. Wakati mwingine ni ndiyo, na ni heri aambiwe ukweli. Uvimbe uliojificha nyuma ya ini, sentimita 10 au 12 kutoka kwenye ngozi, haufikiwi kwa sindano fupi.

Katika miaka yangu ya kazi kwenye chumba cha siti skani, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili vipande kwa vipande, hapa Dodoma, ni wachache sana walioniuliza swali ambalo mimi mwenyewe ningeuliza: mmeamuaje iingilie hapo, na si vidole viwili pembeni?

Kinyama chenyewe ni kidogo. Ni kipande chembamba kama uzi, chenye urefu wa sentimita moja au mbili, kinachopelekwa maabara ili ijulikane uvimbe ni wa aina gani. Tunatumia sana sindano ya namba 18, yenye unene wa milimita 1.2 hivi. Namba ikipanda sindano inakonda, kwa hiyo namba 22 ni nyembamba zaidi, milimita 0.7. Hatari haitokani na unene huo peke yake. Hatari kubwa ni vile vilivyoko njiani.

Boda akikuta msongamano pale Majengo sokoni hupenya uchochoroni akatokea upande wa pili. Sindano haina uchochoro. Ukishachagua mahali pa kuingilia na pembe yake, umeshachagua kila kitu itakachopita. Na pembe haisamehe. Ukikosea nyuzi 5 tu, kwenye kina cha sentimita 10 ncha itakuwa imekwenda kando karibu milimita 9. Kama uvimbe ni wa ukubwa wa zabibu, milimita 15 kwa upana, na ulilenga katikati, umeshaukosa.

Nimetaja zabibu kwa sababu. Madaktari wanaojifunza huanza na kidari cha kuku tulichokitumbukiza zabibu ndani, na kwa mji huu hatuhangaiki kuzitafuta. Kwenye ultrasaundi zabibu huonekana kama duara jeusi katikati ya nyama ya kijivu. Mwanafunzi wa kwanza karibu kila mara huchoma kwa njia fupi kuliko zote, anaipata, anatabasamu. Ndipo tunapochukua kidari kingine, tunapitisha mrija wa dripu wenye maji mekundu, mfano wa mshipa wa damu, kwenye njia ileile fupi, na kumwambia arudie. Maji yakiruka mezani, hahitaji mhadhara.

Kompyuta inaingia hapo. Picha ya siti skani tunayoiona ya kijivu, kwa kompyuta ni jedwali la namba. Kila kipande cha picha kina vijisanduku 512 kwa 512, na kila kijisanduku kina namba yake: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta karibu hasi 100, na mfupa ni mamia kadhaa kwenda juu. Kipimo hicho kinaitwa Hounsfield, kwa heshima ya Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Mwaka 1979 aligawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amepiga hesabu za jambo hilo peke yake miaka mingi kabla. Waafrika Kusini hawachoki kutukumbusha, na wana haki.

Kwa namba hizo programu hutenganisha mbavu, mapafu, ini na utumbo. Mishipa ya damu huonekana vizuri baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya kung'arisha picha. Daktari anauwekea uvimbe alama, kisha programu inafanya kazi kinyume na mkono wetu: haianzii kwenye ngozi. Inaanzia ndani ya uvimbe na kutoa mistari maelfu kuelekea nje, mfano wa nungunungu aliyesimamisha miiba. Kila mwiba uliogonga mfupa, mshipa mkubwa, utumbo au mfuko wa nyongo unang'olewa. Mirefu kuliko sindano tuliyonayo inang'olewa pia. Iliyobaki hupewa alama: uko umbali gani na mshipa wa jirani, ni mrefu kiasi gani, unaligusa ini kwa kulisimamia au kwa kulilalia, maana ncha inayolilalia ini huteleza. Programu nyingine huangalia hata kama sindano iliyochomekwa nusu itapita kwenye tundu la mashine mgonjwa akirudishwa ndani kupigwa picha. Mwishoni ngozi kwenye kioo hupakwa rangi, kijani mahali pazuri na nyekundu pa kuepuka.

Mengi ya hayo ni mambo ambayo daktari wa radiolojia anayajua tangu zamani, kompyuta inayahesabu tu kwa wingi. Chini ya kila ubavu hupita ateri, vena na neva, ndiyo maana sindano ya kifuani hupitishwa ikiambaa ukingo wa juu wa ubavu. Pafu lina kuta zinazoligawa, na kila utando unaovukwa unaongeza uwezekano wa hewa kuvuja na kulibana pafu, tatizo linaloongoza katika kuchukua kinyama cha pafu. Kwenye ini kuna jambo linalowashangaza wengi: uvimbe wenye damu nyingi uliokaa juu kabisa haufai kuchomwa moja kwa moja, hata kama uko karibu. Tunazunguka, tunapita kwanza kwenye sehemu ya ini isiyo na uvimbe, ili nyama hiyo ilibane tundu sindano ikishatoka.

Kuna uvimbe mwingine ambao hauchomwi kabla ya kufikiriwa mara mbili. Wafugaji wanaoishi karibu na mbwa huweza kupata mfuko wa maji kwenye ini unaotokana na minyoo ya mbwa. Maji yake yakimwagikia tumboni yanaweza kuleta mzio mkali wa kuua. Rangi ya kijani kwenye ramani haiwezi kukuambia hilo. Unalijua kwa kumsoma mgonjwa, anatoka wapi na anafuga nini.

Na picha ni ya dakika iliyopita. Ini hupanda na kushuka sentimita moja, mbili au zaidi kwa pumzi ya kawaida. Tulimpata mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Bahi, tukamwambia avute pumzi aishikilie. Alivuta kama anayejiandaa kupiga mbizi Mtera. Ini likashuka, uvimbe ukatoka kabisa kwenye picha. "Mzee, vuta kidogo tu, kama unavyonusa mboga jikoni." Tulirudia mara nne bila sindano mpaka uvimbe ukawa unarudi mahali palepale. Muda huo si wa kupoteza, ni sehemu ya mpango, na programu haiwezi kuufanya kwa niaba ya mgonjwa.

Niseme wazi pia kwamba vyumba vingi nchini havina programu hizo. Fani yenyewe ya tiba kwa kuongozwa na picha ni changa kwetu, mafunzo yake yalianza kushika kasi Muhimbili mwaka 2018. Sehemu nyingi bado tunabandika ngazi ndogo ya nyaya zinazoonekana kwenye picha juu ya ngozi, tunapiga picha, tunapima pembe kwenye kioo na kuweka alama kwa kalamu. Njia hiyo ni salama mikononi mwa aliyefundishwa. Wanafunzi nawashauri wapakue 3D Slicer, programu ya bure ya kuchambua picha za hospitali, wajizoeze kuchora njia, mradi wakumbuke kwamba haijaidhinishwa kutumika kuamua tiba ya mgonjwa.

Sasa lile wanalosema watu, kwamba "kansa ikiguswa na chuma inasambaa". Sitalikejeli, kwa sababu lina chembe ya ukweli. Ni nadra, lakini chembe za saratani zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano. Kwa saratani ya ini, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipata wastani wa karibu wagonjwa 3 kati ya 100. Hilo nalo hupangiwa njia. Kwa uvimbe wa mfupa, kwa mfano, sindano hupitishwa kwenye mstari ambao daktari wa upasuaji atakuja kuukata, ili njia iondolewe pamoja na uvimbe. Kwa hiyo ukiona madaktari wawili wanabishana juu ya mguu wako wakiwa na kalamu mkononi, waache wabishane.

Kazi yako ni kutuambia unameza nini. Aspirini, wafarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, na mitishamba pia, bila aibu. Usiache dawa kwa uamuzi wako, maana kuna waliopewa kwa ajili ya moyo. Tutapima damu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini ya 50,000 kwa kawaida tunasubiri au tunaziongeza kwanza.

Baada ya kinyama cha ini utalala kwa ubavu wa kulia saa kadhaa, tukikupima presha mara kwa mara. Maumivu yanayopanda begani, kizunguzungu, jasho la baridi au pumzi kubana ni ya kurudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Anayetoka Kondoa au Mpwapwa atafute ndugu wa kulala kwake mjini siku hiyo, basi atalipanda kesho.