Sindano za "kuotesha ubongo" baada ya kiharusi

Karibu kila wiki kliniki kuna ndugu wa mgonjwa anayenionyesha tangazo kwenye simu. "Daktari, hii sindano inaotesha upya ubongo. Tuiagize?" Pembeni amekaa mzee wake, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Bei ya sindano yenyewe mara nyingi ni ya kuuza kiwanja.

Wazo hilo si uongo. Mwili hutengeneza protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji, zinazozifanya seli zisife, zichipue na ziungane. Cha kwanza cha neva kiligunduliwa na Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano mwenye asili ya Kiyahudi. Sheria za kibaguzi za Mussolini zilimfungia milango ya chuo kikuu, akaendelea kuchunguza viinitete vya kuku chumbani kwake Turin. Kichocheo chenyewe alikibaini Marekani miaka ya 1950, na mwaka 1986 yeye na Stanley Cohen wakatunukiwa Nobeli. Kingine, cha ubongo, kiitwacho kwa kifupi BDNF, kilitolewa kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982 na Yves-Alain Barde na Hans Thoenen.

Panya waliopata kiharusi maabara wakipewa vichocheo hivi hupata nafuu ya wazi. Kwa binadamu mambo yalikwenda vingine. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2009 liliwapa wagonjwa eritropoietini, kichocheo kinachojulikana zaidi kwa kuongeza damu. Walikuwa wagonjwa 522. Waliochomwa dawa yenyewe walifariki asilimia 16.4, waliochomwa maji yasiyo na dawa, asilimia 9. Nawaomba mzisome tena namba hizo kabla ya kuuza chochote. Kichocheo kingine, kile kinachoongeza chembe nyeupe za damu, kilijaribiwa kwa wagonjwa 328 na matokeo yake yakatoka mwaka 2013: hakikuwa na tofauti na maji.

Kwa nini? Protini hizi ni kubwa, na kuta za mishipa ya damu ya ubongo hazipitishi ovyo kila kitu kilichomo kwenye damu. Kinachoshindwa kuingia hubaki kuzunguka mwilini kikifanya kazi ambayo hukukiagiza. Tena panya wa maabara mara nyingi ni kijana mwenye afya, ilhali mgonjwa wetu amekaa na presha miaka kumi, pengine na kisukari juu yake. Watafiti wanajaribu njia nyingine, zikiwamo kupitisha dawa puani na kutumia seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), lakini hizo bado ni za utafiti.

Mnauziwa pia Cerebrolysin, mchanganyiko unaotokana na ubongo wa nguruwe. Baadhi ya nchi huitumia, ila majaribio yakijumlishwa hayaonyeshi kwamba inapunguza vifo. Familia za Kiislamu zina haki ya kuambiwa asili yake kabla ya sindano, si baada.

Kilichothibitika ni kuwahi hospitali. Mshipa mkubwa ukiziba, kwa makadirio ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, msisubiri kuche.

Baada ya hapo ni mazoezi, na hapa ndipo vichocheo vinarudi. Panya wenye kiharusi walipofanyishwa mazoezi huku BDNF yao imezuiwa, nafuu iliyotarajiwa haikuja. Maana yake mazoezi huamsha kichocheo cha ubongo wenyewe, kikiwa tayari ndani ya ubongo, bila kulazimika kupenya zile kuta za mishipa. Jaribio la Marekani la mwaka 2006 liliwavisha wagonjwa glavu nene kwenye mkono usio na udhaifu kwa wiki mbili, ule dhaifu ukalazimika kufanya kazi, na nafuu yao ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Wote walikuwa na uwezo kidogo wa kunyanyua kiganja na kunyoosha vidole, hivyo mwone kwanza mtaalamu wa mazoezi tiba.

Akikubali, vifaa vyenyewe mnavyo jikoni. Soksi kwenye mkono usio na udhaifu, bakuli mbili mezani, moja ina maharage. Mzee ahamishe punje moja moja kwa mkono ule dhaifu. Siku ya kwanza nyingi zitaanguka chini; ziokoteni, mrudishie bakulini, wala msimhamishie ninyi.