Mlima Fuji Ndani ya Maji ya Yamanaka: Dhana Potofu na Ukweli

Ziwa Yamanaka, lililoko mkoa wa Yamanashi nchini Japani, liko takriban mita 980 juu ya usawa wa bahari, na kwa eneo ndilo kubwa kuliko mengine kati ya maziwa matano yaliyo chini ya Mlima Fuji. Majira ya baridi, mlima huo wenye kimo cha mita 3,776 huwa umefunikwa na theluji, na batamaji weupe wenye shingo ndefu huogelea karibu kabisa na ukingo, jambo linalowavuta wapiga picha wengi pamoja na imani zao kuhusu maji na ndege.

Imani iliyoenea zaidi ni kwamba sharti ziwa lote litulie ndipo mlima uonekane majini. Hesabu ndogo yatosha kuikanusha. Kilele cha Fuji kiko umbali wa kilomita 14 hivi kutoka ziwani, na mtu aliyesimama ukingoni hukiona kwenye pembe ya nyuzi 11 tu juu ya upeo wa macho. Taswira yake huonekana kwa pembe hiyohiyo kuelekea chini, kwa hiyo kamera ikiwa mita moja na nusu juu ya maji, sehemu inayoakisi kilele iko mita nane tu mbele ya mpiga picha. Upepo unaweza kuwa unayakunja maji katikati ya ziwa na kilele kikatoka safi, mradi mtu amechagua kona iliyokingwa. Kitakachovurugika ni miteremko ya chini, ambayo huakisiwa na maji ya mbali zaidi. Kwa upande mwingine, bata mdogo akikatiza hapo mita nane atakivunja kilele chote, hata kama ziwa zima limelala kimya.

Wengine huelekeza fokasi, yaani mahali lenzi inapopafanya paonekane wazi, kwenye uso wa maji, wakidhani taswira imelala hapo juu kama rangi juu ya kitambaa. Kwa lenzi, mlima ulio majini uko mbali sawa na mlima wenyewe, hivyo anayelenga uso wa maji hupata vipande vya barafu vilivyo wazi na Fuji iliyofifia. Wala taswira si nakala ya kile kilicho juu: maji huonyesha mandhari kama ambavyo ingeonekana kutoka chini ya uso wake, na ndiyo maana batamaji aliye karibu huonekana majini upande wa chini wa kidevu na kifua, sehemu ambazo jicho la aliyesimama halizioni.

Filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza mng'aro, nayo husifiwa kupita kiasi. Nguvu yake ya kuondoa mng'aro ni kubwa zaidi pale maji yanapotazamwa kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usoni mwa maji hayo, yaani mita mbili tu mbele ya miguu ya mpiga picha, ilhali kwenye nyuzi 11 hupunguza taswira bila kuifuta. Matokeo yake, kwa maoni yangu, ni picha ya ajabu: Fuji ina taswira yake, lakini batamaji aliye karibu hana, na chini yake yanaonekana mawe. Bila filta, kilele ndani ya maji huwa na takriban theluthi moja ya mwangaza wa kilele halisi, na giza hilo ni la kawaida, si kosa la kamera. Kosa la kamera ni lile la kuigeuza theluji kuwa ya kijivu, na dawa yake ni kuongeza mwanga kwa hatua moja hadi mbili, kila hatua ikiwa ni kuuzidisha mwanga mara mbili.

Kuhusu ndege, wengi huamini kwamba batamaji hao wamewasili kutoka Siberia. Wale wenye mdomo wa rangi ya chungwa na kinundu cheusi juu yake ni wa aina iliyoletwa Japani na binadamu, na huishi ziwani mwaka mzima. Si kweli pia kwamba miguu yao huteseka juu ya barafu. Damu ya moto inayoteremka mguuni hupita kando ya damu baridi inayopanda na kuipa joto lake, hivyo wayo hubaki baridi na hupoteza joto kidogo sana.

Hapana haja basi ya kumwonea batamaji huruma kwa kumtupia mkate, na kumpigia makofi ili aruke ni kumpotezea nguvu anazozihitaji kwa usiku wa baridi. Isitoshe, batamaji dume anaweza kuzidi kilo 10, na hupaa kwa kukimbia juu ya maji akiuelekea upepo. Anayetaka kumpata uso kwa uso akipaa asimame upande upepo unakotoka, lakini kwanza amalize kuupiga picha mlima ulio ndani ya maji, kwa kuwa mbio za ndege mmoja huacha mawimbi yatakayochukua muda kutulia.