Dhana potofu kuhusu ruhusa za mafaili wakati wa kuhamisha folda za ofisi

Miezi inayotangulia kufunguliwa kwa msimu wa korosho, mwezi Oktoba, ndiyo ninayoitwa zaidi na ofisi za Mtwara mjini na Masasi kuhamisha folda za pamoja kutoka seva ya Windows kwenda seva ya Linux. Karibu kila ninapokwenda nakutana na imani zilezile.

Imani yenye madhara makubwa kuliko zote ni kwamba ruhusa zimo ndani ya faili, kwa hiyo faili likifika salama, na ruhusa zake zimefika. Ukweli ni kwamba ruhusa hutunzwa na mfumo wa mafaili wa diski, kando ya maudhui, na hazitaji majina ya watu bali namba. Windows humwandika kila mtumiaji kwa namba ndefu, ambayo kwa kawaida huanza na S-1-5-21, ilhali Linux hutumia namba fupi, na katika Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, mtumiaji wa kwanza kwa kawaida hupewa 1000. Katika ofisi moja niliyoitwa baada ya mambo kuharibika, folda ya malipo ya wakulima ilifunguka vizuri, lakini kwenye orodha ya ruhusa, mahali palipokuwa na jina la mhasibu, palikuwa na namba tupu, kwa kuwa akaunti yake ilikuwa ya mashine ya zamani peke yake na mashine mpya haikumtambua.

Wengine hupitisha kila kitu kwenye flashi wakiamini kuwa kunakili ni kunakili tu. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hauna kabisa mahali pa kuandika mmiliki wala ruhusa zake.

Wapo pia wanaoamini kwamba amri yoyote ya kunakili kupitia mtandao inatosha. Robocopy, amri ya kunakili ya Windows, isipopewa /SEC au /COPYALL huacha ruhusa nyuma, na rsync, amri ya kunakili ya Linux, yenye -a peke yake haibebi orodha za ziada za ruhusa, ambazo huhitaji -A, wala sifa za ziada za faili, ambazo huhitaji -X. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kwa anayetumia Samba, programu inayoiwezesha seva ya Linux kushirikisha folda na mashine za Windows, yenye moduli ya acl_xattr, kwa sababu ruhusa za Windows huhifadhiwa ndani ya sifa hizo, na anayenakili asipokuwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa Linux, zitapotea.

Dhana inayonichukua muda mrefu zaidi kuieleza ni kwamba kila ruhusa ya Windows ina pacha wake katika Linux. Ruhusa za msingi za Linux ni tisa tu: kusoma, kuandika na kutekeleza, kwa mmiliki, kwa kundi na kwa wengine. Windows ina katazo la wazi, ina urithi kutoka folda ya juu, na ina ruhusa ya kufuta inayosimama peke yake. Katika Linux, kufuta hutegemea ruhusa ya kuandika kwenye folda lililomo faili, wala si ruhusa ya faili lenyewe. Maana yake ni kwamba karani wa ghala aliyeruhusiwa kuweka stakabadhi kwenye folda anaweza kufuta hati ya mwenzake ambayo hata kuisoma hakuruhusiwa, isipokuwa folda hilo limewekewa alama ya +t inayowaachia wamiliki wa faili na wa folda peke yao haki hiyo.

Kuweka 777, yaani kutoa ruhusa zote tisa kwa pamoja, ili malalamiko yaishe si suluhisho hata kidogo, maana kila mwenye akaunti kwenye seva hiyo ataweza kubadilisha hesabu za malipo.

Kabla ya kugusa chochote, mimi hutoa orodha ya ruhusa zote kwa icacls, amri ya Windows ya kushughulikia ruhusa, yenye /save na /T, na kwa kuwa ruhusa za kushiriki folda kwenye mtandao haziingii humo, hizo huziandika pembeni. Baada ya kuhamisha, huingia kwa akaunti ya karani, si ya msimamizi, nikajaribu kufungua, kuandika na kufuta, kisha huomba seva ya zamani ibaki ya kusomwa tu mpaka mhasibu mwenyewe aseme folda zake zimekaa sawa.