Usaili wa nyuma ya pazia: maana yake katika okestra

Tukisema jambo limeamuliwa nyuma ya pazia, kwa kawaida tunanusa hila: wachache wamejifungia chumbani, wamegawana vyeo, sisi tunatangaziwa matokeo. Katika okestra za muziki wa klasiki maneno hayo hayo yana maana iliyo kinyume kabisa. Huko pazia hutundikwa ili hila ikose pa kupita.

Usaili wa nyuma ya pazia ni utaratibu wa kuajiri wapigaji ala ambapo jopo humsikia msailiwa bila kumwona wala kujua jina lake. Anapewa namba, kama mtahiniwa wa kidato cha nne anavyoandika namba badala ya jina kwenye karatasi yake ya mtihani. Akipanda jukwaani anakuta kitambaa kirefu mbele yake. Wasaili wako upande wa pili na kalamu zao. Haruhusiwi kusema. Akiwa na swali anamnong'oneza msimamizi, naye ndiye analiuliza kwa sauti. Mahali pengine hutandikwa zulia kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, maana kisigino cha kiatu cha kike kikigonga mbao, jopo limeshajua anayekuja ni nani. Anapiga vipande vichache alivyopangiwa, kisha anatoka.

Okestra ya Boston ililijaribu pazia mwaka 1952, lakini nyingi za Marekani zililipokea miaka ya 1970 na 1980. Kabla ya hapo kazi zilipatikana kwa kujuana: kiongozi wa okestra alimuuliza mwalimu anayemwamini, mwalimu akamtaja mwanafunzi wake, na mwanafunzi huyo karibu kila mara alikuwa mwanamume mzungu. Mwaka 1970 wanawake hawakufika asilimia 5 ya wapigaji wa okestra tano kubwa za nchi hiyo; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa kama robo. Wanauchumi Claudia Goldin na Cecilia Rouse, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, walisema pazia lilichangia sana ongezeko hilo. Wapo waliokosoa takwimu zao kuwa hazina nguvu kiasi zinavyonukuliwa, na kwa maoni yangu wana hoja. Lakini kuna kisa kimoja kisichosubiri takwimu.

Mwaka 1980 Abbie Conant, Mmarekani, aliomba nafasi ya tromboni ya kwanza, yaani mpigaji mkuu wa ala hiyo ya kupuliza, katika Okestra ya Filamoniki ya Munich, Ujerumani. Barua ya mwaliko ilimwita "Herr", yaani Bwana. Pazia lilitumika raundi ya kwanza kwa sababu mmoja wa wasailiwa alikuwa mtoto wa mtu anayefahamika na wanaokestra. Waliosailiwa walikuwa 33, yeye akiwa wa 16. Jopo lilimsikia, likamtaka, na alipojitokeza likakuta ni mwanamke. Alishinda raundi zilizobaki pia, akaajiriwa.

Mwaka 1982 akashushwa kuwa tromboni ya pili. Kiongozi wa okestra, Sergiu Celibidache, alishikilia kwamba nafasi ile inahitaji mwanamume. Conant alikwenda mahakamani. Ili kujibu madai kwamba hana nguvu za kutosha, alikwenda hospitali kupimwa mapafu. Kesi ya cheo, na baadaye ya mshahara, zilimla zaidi ya miaka kumi kabla ya kushinda. Tromboni ilikuwa ile ile, pumzi zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa anaonekana.

Ndiyo maana nasema ukitaka kuielewa dhana hii, utazame pia muda ambao pazia halipo. Okestra nyingi huliondoa kwenye raundi ya mwisho (Metropolitan Opera ya New York huliacha mpaka mwisho). Baada ya kuajiriwa kuna kipindi cha matazamio, na hapo wenzako na kiongozi wanakupima wakikuona kila siku.

Na kuna muda wa kabla. Mwaka 1969 wanamuziki wawili weusi, Earl Madison wa chelo na Arthur Davis wa besi (zote ala kubwa za nyuzi), waliishtaki okestra ya New York Philharmonic kwa ubaguzi mbele ya tume ya haki za binadamu ya jiji hilo. Mwaka uliofuata tume iliona ubaguzi katika namna ya kuwaita wapigaji wa muda. Miongo minne na zaidi baadaye, mwaka 2014, wanamuziki weusi walikuwa asilimia 1.8 tu ya wapigaji katika okestra za Marekani. Mwaka 2020 Anthony Tommasini, mhakiki wa The New York Times, alipendekeza pazia liondolewe ili okestra ziweze kuzingatia asili ya mtu. Wengi walimpinga, na mimi niko upande wao. Pazia halikumzuia yeyote kupita. Wengi hawakuwahi kulifikia.

Fikiria gharama. Ala nzuri, mwalimu wa tangu utotoni, tiketi ya ndege na chumba cha kulala kwa kila usaili, vyote kwa mfuko wako. Mpigaji chelo mara nyingi hununua viti viwili ndani ya ndege, kimoja chake na kimoja cha ala, maana hathubutu kuiweka kwenye shehena. Akikosa kazi anarudi nyumbani na deni, na mwezi ujao kuna usaili mwingine mji mwingine.

Tangu mwaka 2018 upo mpango Marekani, ukiwamo mkono wa shirika la Sphinx, unaowalipia wanamuziki weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini safari hizo na kuwapa walimu wa kuwaandaa. Wakishafika, wanapewa namba kama wengine wote.