Diski ya mtandao ni nini, na Windows, Mac na Linux zinaitumiaje pamoja

Diski ya mtandao ni diski usiyoichomeka kwenye kompyuta yako. Imechomekwa kwingine, kwenye ruta yenye tundu la USB, sanduku la NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao) au kompyuta nyingine iliyowashwa, nawe unaifikia kwa Waifai. Ikishaunganishwa, Windows inaweza kuipa herufi, tuseme Z; kwenye Mac hujitokeza ndani ya Finder, programu ya kufungulia faili; kwenye Linux hukaa kama folda.

Kinachowachanganya wengi ni umbizo la diski, yaani namna faili zinavyopangwa ndani yake. Ukichomeka diski ya NTFS, umbizo la Windows, kwenye Mac kwa waya, utaisoma lakini hutaweza kuiandikia. Ukichomeka ya ext4, umbizo la Linux, kwenye Windows, haifunguki kwa kawaida. Kwenye mtandao tatizo hilo halipo, kwa sababu kompyuta yako haiisomi diski yenyewe. Inayoisoma ni seva, yaani kile kifaa kilichoibeba, nayo hukuletea faili kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ambayo pande zote mbili zinaielewa. Kwa hiyo anayepaswa kulijua umbizo ni seva tu. Ila udhaifu wa umbizo haupotei: diski ya FAT32, umbizo la zamani, haipokei faili moja ya GB 4 au zaidi, hata ikitumwa kutoka wapi.

Itifaki yenyewe ni SMB. Windows huja nayo, Mac iliifanya chaguo lake la kwanza tangu OS X Mavericks ya 2013, na Linux huitumia kupitia Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tatizo ni matoleo. SMB1 ni ya zamani na ina matundu ya usalama. Kirusi cha WannaCry kilipenya humo Mei 2017, na baadaye mwaka huohuo Windows 10 ikaacha kuiweka yenyewe. Ndiyo maana ruta ya zamani inayojua SMB1 peke yake hukataliwa na kompyuta mpya. Mtaani utashauriwa uiwashe SMB1 tena. Usifanye hivyo. Sasisha programu ya ndani ya ruta, na ikishindikana, hamishia diski kwenye kifaa kingine.

Kabla ya kuunganisha chochote, ingia kwenye ruta uitengee seva anwani ya IP isiyobadilika, la sivyo siku ruta ikizimika na kuwaka, njia uliyoihifadhi huenda isifike tena. Kisha tengeneza mtumiaji mwenye nenosiri kwenye seva na umruhusu kusoma na kuandika kwenye folda husika. Tuseme anwani ni 192.168.1.50, folda ni Kazi na mtumiaji ni asha.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\192.168.1.50\Kazi. Kwenye Mac, ukiwa ndani ya Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.50/Kazi. Kwenye Ubuntu, sakinisha cifs-utils, tengeneza folda /mnt/kazi, kisha andika kwenye Terminal:

sudo mount -t cifs //192.168.1.50/Kazi /mnt/kazi -o username=asha,uid=1000

Hiyo uid=1000, kwa kawaida namba ya mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu, si pambo. Ukiiacha, faili zote huhesabiwa kuwa za root, msimamizi mkuu wa Linux: utazisoma, lakini kila ukitaka kuhifadhi utanyimwa ruhusa.

Nenosiri likikataliwa na seva ni Windows, angalia kwanza kama hujaandika PIN. PIN hufungua kompyuta ileile tu, haivuki mtandao. Linalotakiwa ni nenosiri la akaunti. Njia isiyo na usumbufu ni kufungua kwenye seva hiyo akaunti ya ndani, isiyo ya Microsoft, kwa kazi hii tu. Ukiona kosa namba 1219, ujue Windows tayari imeunganishwa na seva hiyo kwa jina jingine, na haikubali majina mawili kwa mpigo. Fungua Command Prompt uandike net use * /delete, ambayo hukata miunganisho yote, kisha ingia upya.

Seva isipoonekana kabisa, shuku Waifai. Mtandao wa wageni kwenye ruta nyingi huzuia vifaa visionane, hata kama intaneti inapatikana vizuri. Nayo Windows ikiuchukulia mtandao wa nyumbani kuwa wa umma, huficha folda zake. Ubadilishe uwe wa binafsi.

Kasi nayo ina hesabu yake. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, hivyo faili ya GB 4 huchukua dakika tano na zaidi, hapo hewa ikiwa safi. Kama seva nayo iko kwenye Waifai, kila faili hupita hewani mara mbili, hadi kwenye ruta na kutoka kwenye ruta. Seva iunganishe kwa waya, kompyuta nyingine zibaki hewani.

Majina ya faili pia hukorofisha. Windows haikubali alama kama nukta mbili, kiulizo na nyota, kwa hiyo faili iliyopewa jina Kikao 10:30.pdf kwenye seva ya Linux yenye Samba huonekana kwenye Windows kwa jina fupi lisiloeleweka. Mac nayo huacha vifaili vya .DS_Store kila folda inayoipitia. Havina madhara, ila wenye Windows watakuuliza ni vya nani.

Na mlango namba 445, unaotumiwa na SMB, usiufungue kwenye ruta kuelekea intaneti. Ukihitaji faili ukiwa safarini, pitia VPN, yaani njia iliyofungwa kwa siri ya kuingia mtandao wa nyumbani.